Usikivu Haufungwi Kamba

  Leo nataka tuzungumze juu ya mbwa, na simaanishi kile kitoto chenye tumbo la mviringo kinachobebwa kwenye kikapu huku watoto wakikigombania. Nazungumzia mbwa aliyekwisha komaa, aliyeokotwa njiani au kuchukuliwa kituoni baada ya mwenyewe kuhama, kufariki au kumchoka. Katika habari za mbwa huyo nimechagua jambo moja tu: jinsi ya kumfundisha atembee kando ya mguu wako, kamba ikiwa imelegea, na usikivu wake wote ukiwa kwako.

Najua wapo watakaosema kwamba dunia ina mambo mazito kuliko mwendo wa mbwa. Nawaomba subira kidogo. Ndani ya mwendo huo mna usalama wa mtoto anayekwenda shule asubuhi, mna utulivu wa jirani anayeogopa mbwa, na mna uhai wa mbwa mwenyewe. Mbwa asiyeweza kutembezwa hatolewi nje. Asiyetolewa nje huota ukali. Siku akiponyoka huuma mtu, na akishauma mtu huuawa. Mlolongo huo tumeuona mara nyingi mno mitaani kwetu. Mahali pepesi pa kuukata ni pale mwanzo kabisa, pale mtu na mbwa wanapotoka getini pamoja.

Ukimwambia mwenzako kwamba unamfundisha mbwa wa miaka minne au mitano, atakujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Naiheshimu methali hiyo. Wazee waliitoa kuwahimiza wazazi wasichelewe kuwalea watoto wao, na kwa kazi hiyo bado ina nguvu zake zote. Lakini tusiigeuze kuwa hukumu juu ya kila kiumbe kilichokwisha kukua. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna, kule Austria, walichapisha matokeo ya kuupima usikivu wa mbwa zaidi ya 100 wa aina ya Border Collie, kuanzia wadogo wa miezi 6 hadi waliozeeka. Jaribio mojawapo lilifanana na somo letu la leo: mbwa amtazame mtu machoni, kisha arushiwe chakula chini akitafute. Katika wepesi wa kukipata chakula hicho, walioongoza ni mbwa wa makamo, wa miaka 3 hadi 6. Umri ambao sisi tunausema umepita ndio uliotia fora.

Utafiti wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi, kwa sababu ulifanywa kwa mbwa koko. Mwaka 2020 mtafiti wa India, Anindita Bhadra, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya kwa mbwa wa mitaani wasio na mwenyewe, mbwa ambao hawajapata kufundishwa na mtu yeyote. Mbwa aliwekewa mabakuli mawili, na mtu akanyoosha kidole kuonyesha moja. Karibu nusu ya mbwa hao hawakuthubutu kusogea. Lakini kati ya wale waliosogea, takribani wanne katika kila watano walilifuata bakuli lililoonyeshwa. Tafakari hapo, msikilizaji. Akili ya kumwelewa binadamu mbwa koko anayo tayari. Kinachomzuia ni woga. Basi anayemchukua mbwa mkubwa nyumbani kwake, kazi yake ya kwanza ni kuuondoa woga huo, na mafunzo yote ya kutembea yanajengwa juu ya msingi huo.

Tumwangalie sasa mbwa mwenyewe, anatoka wapi. Nairobi wanao KSPCA, shirika la Kenya la kuwatunza wanyama, lenye kituo chake Karen. Nchi jirani nazo zina jumuiya za namna hiyo, na mbali na jumuiya kuna watu wema wanaookota mbwa kwenye mitaro na masokoni. Wengi wa mbwa wakubwa wanaopatikana hivyo waliishi maisha ya ulinzi kama tunavyoyajua huku kwetu: mchana amefungiwa bandani au kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa azunguke uani abweke. Mbwa wa namna hiyo anaijua harufu ya kila mpita njia, lakini hajawahi kutembea hatua kumi bega kwa bega na mtu. Kamba kwake ni kitu cha kufungwa nacho. Mkono wa mtu kwake ni kitu kisichotabirika: leo umeleta ugali na mapupu, kesho umeleta fimbo. Huwezi kumlaumu akivuta, akijikunyata au akilala chini na kukataa kwenda. Anafanya alichojifunza.

Kwa hiyo, usianze na kamba. Anza na daktari wa mifugo. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, apewe dawa ya minyoo, atolewe kupe, na aangaliwe masikio, meno na nyonga. Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70, ugonjwa hukatika katika eneo hilo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika siku hizo halmashauri nyingi huendesha chanjo. Usipitwe nayo. Tena kumbuka kwamba mbwa anayekataa kuketi au kugeuka huenda anaumwa mgongo, na ukimwita mkaidi utakuwa umemdhulumu.

Baada ya daktari, mpe mapumziko. Wiki za mwanzo usidai mengi. Mlishe saa zile zile, umlaze mahali pale pale, na kila unapomwekea chakula litaje jina lake mara moja kwa sauti ya kawaida. Usiliite jina hilo unapomkaripia. Unataka jina lake liwe habari njema masikioni mwake. Likiwa habari njema, utaliita barabarani naye atageuka.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Vifaa ni vichache. Tafuta kola ya kitambaa au ya ngozi inayopitisha vidole viwili, au mikanda ya kifuani isiyombana makwapani. Kamba iwe ya kama mita mbili. Mnyororo mzito uache, maana humchosha shingo na hukuzuia wewe kuhisi kamba inapolegea. Kisha andaa malipo. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwa mbwa, halafu yakate vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi. Maini yakikushinda bei, dagaa wakavu wa ziwani wanafaa sana. Harufu yao ni kali, wanabebeka mfukoni, na fungu moja la sokoni linakutosha siku kadhaa.

Somo la kwanza ni la macho, nalo halina hatua hata moja ya kutembea. Nyumbani kwangu yupo mbwa jike, rangi ya mchanga, tunayemwita Tausi. Alikuja akiwa mkubwa, shingoni ana duara lisilo na manyoya mahali mnyororo ulipokaa. Nilikaa naye uani palipo kimya, nikafumba kipande cha ini katika kiganja, nikakinyoosha kiganja hicho pembeni, mbali na uso wangu. Tausi akakinusa. Akanilamba katikati ya vidole. Akaparua kwa kucha, taratibu, kisha kwa nguvu zaidi. Akapuliza pumzi kwa pua, akaketi, akatazama geti. Mimi sikusema neno. Halafu macho yale ya kahawia yakapanda kutoka kiganjani hadi usoni kwangu, yakatua hapo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Papo hapo nikasema “Vema!” na kiganja kikafunguka. Alipotafuna, kunyanzi za paji la uso wake zilikuwa zimelainika. Jaribio lililofuata alikinusa kiganja kidogo tu, kisha akaniangalia tena.

Tazameni kilichotokea hapo. Sikumshika kidevu nikamgeuza anitazame. Sikumwita. Sikumwonyesha nyama mbele ya pua ili aifuate, maana mbwa anayefuata nyama anaitazama nyama, hakutazami wewe. Nilisubiri atoe usikivu wake mwenyewe, kisha nikaulipa. Neno “Vema” lina kazi maalumu: linamwambia mbwa ni kitendo gani hasa kilicholipwa, hata kama ini litachelewa kidogo kufika mdomoni. Lazima litoke wakati ule ule macho yanapokutana. Ukichelewa, mbwa amekwisha geuza kichwa kumtazama kuku, na wewe utakuwa umelipa kumtazama kuku.

Kuna jambo la ndani zaidi katika kutazamana huku. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda, miilini mwao wote wawili huongezeka homoni iitwayo oksitosini, ile ile inayoimarisha mapenzi kati ya mama na mtoto mchanga. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha jambo hilo. Kwa hiyo unapomfundisha mbwa wako akutazame unamfundisha utii, na papo hapo unajenga mapenzi. Kwa mbwa aliyewahi kutupwa, kitu cha pili kinahitajika kuliko cha kwanza.

Macho yakishazoea, tunahamia kwenye nafasi. Hapa nina nasaha kwa watu wa kwetu ambayo hamtaikuta katika vitabu vya Ulaya bara na Marekani. Vitabu hivyo vinasema mbwa atembee kushoto kwa mtu. Kwao kunawafaa: magari yanapita kulia, na anayetembea akiyaelekea magari huwa ukingo wa kushoto wa barabara, kwa hiyo mbwa aliye kushoto yuko upande wa majani. Kenya, Uganda na Tanzania magari yanapita kushoto. Mwenda kwa miguu anayefuata kanuni hutembea ukingo wa kulia ili ayaone yanayomjia. Ukimweka mbwa kushoto, umemweka upande wa matatu na bodaboda, wewe ukiwa upande wa majani. Mfundishe akae kulia. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, kushoto kunawafaa kama vitabu visemavyo.

Basi simama kando ya ukuta au ua wa michongoma, mbwa akiwa kulia kwako, kati yako na ua. Ua utamsaidia anyooke asitanue matako nje. Kamba ishike kwa mkono wa kushoto, ipite mbele ya tumbo lako ikining'inia. Vipande vya ini viwe mkono wa kulia. Subiri akutazame. Akikutazama, sema “Vema”, kisha ushushe mkono wa kulia hadi kwenye mshono wa suruali au wa gauni, ubavuni kabisa, umlishe hapo. Mahali unapomlishia ndipo atakapopapenda. Ukimlishia mbele yako, atajifunza kukukatiza njia; ukimlishia kwenye mshono, bega lake litakaa sawa na mguu wako bila kumsukuma.

Sasa piga hatua moja. Hatua moja tu. Akija nawe na macho yakapanda, mlipe. Piga nyingine, mlipe. Halafu mbili, ndipo umlipe. Halafu tatu, kisha urudi kwenye moja, ili asizoee kwamba kazi inazidi kuwa ngumu kila dakika. Mazoezi yakinoga, ongeza neno. Mimi husema “Nami”. Wewe chagua neno lako, mradi nyumba nzima itumie hilo hilo. Baba akisema hivi, mama vile, na mtoto akipiga mluzi, mbwa atabaki njia panda. Neno litamke kabla tu ya hatua ya kwanza, mara moja, na usilirudie rudie kama mtu anayeita basi.

Atavuta? Atavuta, ndiyo. Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa matokeo ya majaribio yake ya paka waliofungiwa katika makasha, na kutokana na kazi hiyo akafikia kanuni ambayo wafundishaji wa wanyama wanaitegemea hadi leo: kitendo kinacholeta matokeo mazuri hurudiwa. Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kumemfikisha anakotaka. Akikuburuta hadi kwenye kichaka akanusa, kichaka kimemlipa. Kwa hiyo kamba ikikaza, simama. Usiivute na wewe. Ikilegea, endelea. Akikutangulia, geuka kushoto bila kumkaripia, uende zako. Atalazimika kuharakisha akufikie, na akikufikia mkute na “Vema” na kipande cha ini. Ukigeuka kulia, kumwelekea, atajifunza kupunguza mwendo na kukupisha. Mizunguko hiyo ya kushoto na kulia inamfanya akuangalie, kwa sababu hajui utaelekea wapi na kujua kuna faida.

Hapa nataka kusema jambo kwa uzito wote. Kuna watu, na wengine wanajiita wakufunzi, wanaomfundisha mbwa kwa kumkaba kwa mnyororo, kumkwatua shingo, kumpiga teke ubavuni au kumshtua kwa kola ya umeme. Wanasema mbwa mkubwa hasikii bila maumivu. Nakataa, na sikatai kwa huruma peke yake. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha utafiti wa mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za namna mbalimbali. Mbwa waliotoka kwenye shule za adhabu nyingi walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi wakati wa masomo, na mate yao yalikuwa na ongezeko kubwa zaidi la homoni ya kortisoli baada ya mafunzo kuliko waliofundishwa kwa malipo. Walipowekewa bakuli lisilojulikana kama lina chakula au ni tupu, walilisogelea polepole zaidi. Adhabu ilikuwa imewafundisha kutotarajia mema.

Tena fikirieni jinsi maumivu yanavyofanya kazi barabarani. Mbwa anamwona mtoto mwenye sare ya shule. Anamtazama kwa udadisi. Wewe unamkwatua shingo kwa nguvu. Unadhani amejifunza asiangalie watoto. Alichojifunza ni kwamba mtoto mwenye sare akitokea, shingo inauma. Rudia hivyo kila asubuhi, na siku moja mbwa huyo atamngurumia mtoto kabla hujagusa kamba, nawe utashangaa ukali umetoka wapi. Fanya kinyume chake. Mtoto akitokea kwa mbali, mlipe mbwa anapokugeukia. Baada ya muda, mtoto mwenye sare atakuwa ishara ya kukutazama wewe.

Siri ya hapo ni umbali. Anayejifunza uani hawezi kupelekwa sokoni kesho yake. Panga ngazi: uani, kisha mbele ya geti, kisha njia ya nyuma isiyo na watu, kisha njia yenye kuku, kisha yenye mbuzi, kisha kituo cha bodaboda, ukiwa ng'ambo. Kipimo unacho mfukoni. Mbwa akikataa kipande cha ini anachokipenda, umesogea karibu mno; rudi nyuma hatua kadhaa. Soma pia mwili wake. Akijilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akifyata mkia, weupe wa macho ukionekana pembeni, au akiganda ghafla kama nguzo, anakwambia kwamba amezidiwa. Msikilize. Huwezi kudai usikivu kwa kiumbe ambacho wewe mwenyewe hukisikilizi.

Nizungumze sasa na wasikilizaji wetu wa Pwani, na wa kila mahali penye Waislamu. Mnajua kwamba Pwani yetu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee aliyetia udhu, amevaa kanzu yake nyeupe anakwenda Ijumaa, akiguswa na pua mbichi ya mbwa wako, umemrudisha nyumbani. Kwa hiyo anayefuga mbwa katika mitaa yetu anadaiwa adabu zaidi ya mfugaji mwingine, na mbwa anayetembea ubavuni kwa mwenyewe bila kumgusa mpita njia ndiye adabu yenyewe. Wala tusisahau kwamba Kurani, katika Surat al-Maida, inazungumzia windo linaloshikwa na wanyama waliofundishwa, na kuliruhusu. Mbwa aliyefundishwa ana nafasi yake. Nafasi hiyo mwenye mbwa ailinde kwa kumfundisha.

Na hata mahali pasipo na habari ya udhu, wapo watu wengi walioumwa na mbwa utotoni, na hofu hiyo haijawatoka. Usiwaambie “hamuumi mtu huyu”. Hawakujui, wala hawamjui mbwa wako. Waonapo kamba imelegea, mbwa anakutazama wewe, hana habari nao, mioyo yao itatulia bila maneno. Ukimwona mtu anasita, mpishe: toka kando ya njia, mwambie mbwa “Nami”, mlipe, mwache mwenzako apite kwa amani.

Muda wa mazoezi uwe mfupi. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa mara moja, na ni heri mara tatu kwa siku kuliko nusu saa ya kuchoshana. Toka asubuhi na mapema au jua likishuka, kwa sababu lami ya saa saba mchana huunguza nyayo zisizo na viatu. Wala usidai mwendo huu safari nzima. Kutembea huku macho yako juu kwa mtu ni kazi ya akili, na inachosha. Weka neno la kumwachia. Mimi husema “Haya!”, na hapo mbwa ni huru kunusa, kukojoa kwenye kichaka na kusoma habari za mtaa kwa pua yake. Kunusa nako ni malipo, pengine kushinda maini. Tembea naye vizuri kutoka nguzo hadi nguzo, kisha “Haya!”, anuse atakavyo, kisha “Nami” tena.

Watu huniuliza: nitabeba maini mfukoni hadi lini? Mbwa akishajua somo, punguza kwa kubadilisha badilisha. Safari hii mlipe baada ya hatua tano, nyingine baada ya thelathini, nyingine mpe sifa na kumkuna kifuani, nyingine mpe ruhusa ya kunusa. Asijue malipo yatakuja lini, lakini awe na hakika kwamba yatakuja. Usiyaache kabisa. Kibarua aliyefanya kazi nzuri mwaka jana hawezi kuendelea bila ujira eti kwa sababu ameizoea kazi. Na siku anapofanya jambo gumu, kwa mfano kundi la mbuzi limekatiza mbele yake naye akalitazama kisha akakugeukia wewe, mpe mkono mzima wa maini, umsifu kwa furaha ya kweli. Ameacha kitu alichokitamani kwa ajili yako.

Zitakuja siku za kurudi nyuma. Mvua ya radi, harusi ya jirani yenye matarumbeta, au mwanamume aliyebeba fimbo, na mbwa uliyedhani amekwisha iva anajikunyata kama siku ya kwanza. Usikate tamaa. Mbwa aliyetupwa ana kumbukumbu ambazo wewe hukuzishuhudia. Shuka ngazi moja au mbili, fanya mepesi, mlipe kwa ukarimu, kisha upande tena. Bandu bandu huisha gogo.

Wasikilizaji, haya yote nimeyasema kwa sababu ninaamini jambo moja. Kamba inaweza kuufunga mwili wa mbwa usiende. Usikivu wake hakuna kamba ya kuufunga. Anautoa mwenyewe, kwa mtu aliyemthibitishia, siku baada ya siku, kwamba kumtazama kuna kheri na hakuna kipigo. Mbwa mtoto huutoa upesi, kwa kuwa bado hajaona mengi. Mbwa mkubwa aliyetendwa vibaya huutoa baada ya kupima, na akishautoa anakuwa amekuchagua kwa kujua anachokifanya.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kupata mbwa, nakuomba hivi. Ukifika kituoni, usiishie pale mbele wanapocheza watoto wa mbwa. Hao watapata watu. Muulize mtunzaji habari za wale wa miaka mitatu, minne au mitano, waliokaa muda mrefu bila kuulizwa. Uliza ameishije, anaogopa nini, anapenda kula nini. Kaa chini, ufumbe kiganja chenye kipande cha ini, usubiri bila haraka, na akikutazama mlipe papo hapo. Na wewe ambaye tayari unaye nyumbani, amefungwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, kesho kabla ya kwenda kazini mpe dakika tano uani. Hata fimbo usiishike. Anza na macho, miguu itafuata.